Hema la Rufaida: Historia ya Kumhudumia Mgonjwa Asiye na Mtu





Wapenzi wasomaji, kila likizo ya shule inapokaribia wazazi huulizana jambo lile lile: kijana afanye nini ili siku zake zisipotee bure? Katika majibu yanayotolewa, lipo moja ambalo hutajwa kisha likaachwa haraka, nalo ni kwenda kujitolea hospitali. Baadhi ya wazazi huogopa maradhi. Wengine wana wasiwasi juu ya mabinti zao. Wengine huona kwamba asiyesomea uganga hana kazi ya kufanya wodini. Na wapo vijana waliojaribu wakarudi wamevunjika moyo: walifika, wakasimama ukutani saa nzima bila kujua la kufanya, wakaondoka na hawakurudi tena.

Hali hii si ndogo. Katika hospitali nyingi za serikali za eneo letu la Afrika Mashariki, mgonjwa analetewa uji na jamaa zake, anafuliwa na jamaa zake, na jamaa zake ndio wanaokimbia kwenye dirisha la dawa. Basi yule asiye na jamaa hali yake inakuwaje? Daktari anaweza kumwandikia dawa iliyo sawa kabisa, lakini hakuna wa kwenda kuichukua. Sista wa zamu ana wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Huyo ndiye anayemngoja mtu wa kujitolea.

Makala hii itatazama historia ya watu waliowahudumia wagonjwa bila ya kulazimishwa na bila ya kulipwa, kuanzia Madina hadi huku kwetu. Lengo ni kujua walikuwa wakifanya nini hasa, na kwa nini kazi hiyo iliwapa furaha ambayo wengi wetu tunaitafuta na hatuipati.

Mwanamke wa Banu Aslam

Mwaka wa 5 Hijria (627), katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh, kiongozi wa kabila la Aws na mmoja wa nguzo za Ansari, alipigwa mshale uliomkata mshipa mkubwa wa mkono. Damu ilikuwa nyingi. Mtume (s.a.w.) aliamuru apelekwe katika hema lililokuwa ndani ya msikiti wake, ili awe karibu na iwe rahisi kumtembelea. Hema hilo lilikuwa la mwanamke wa kabila la Aslam aitwaye Rufaida.

Vitabu vya sira havikuandika mengi juu ya mwanamke huyu. Yaliyoandikwa ni machache, lakini kila moja lina uzito wake. Ibn Ishaq, katika sira iliyotufikia kupitia kwa Ibn Hisham, anasema kwamba Rufaida alikuwa akiwatibu majeruhi, na alikuwa akijitoa nafsi yake, akitaraji malipo kwa Mwenyezi Mungu, kumhudumia Muislamu yeyote aliyekuwa amekosa wa kumwangalia.

Tuyatazame maneno hayo vizuri. Hayakusema kwamba alikuwa akiwahudumia jamaa zake, wala wakubwa wa mji. Saad alikuwa kiongozi wa watu wake, lakini alipelekwa katika hema ambalo tayari lilikuwa la wasio na mtu. Kabla ya mshale ule kurushwa, Rufaida alikuwa keshajulikana kwa kazi hiyo. Kiongozi alilazwa pale pale walipolazwa wanyonge.

Imam Bukhari, katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad, ameeleza pia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akimpitia Saad ndani ya hema hilo jioni na asubuhi. Alimuuliza ameshindaje, na kulipokucha akamuuliza ameamkaje. Naye Saad alikuwa akimjibu. Hakuna hotuba iliyosimuliwa hapo. Kuna mtu aliyepita mara mbili kwa siku, akauliza hali, akasikiliza jibu.

Mwisho wa habari hii hauelezwi sana watoto wetu. Saad hakupona. Jeraha lake lilifunguka tena, na damu ikatiririka hadi kuwafikia watu wa Banu Ghifar waliokuwa na hema lao jirani mle msikitini, nao wakashtuka na kuuliza ni kitu gani kinachowajia. Saad akafariki kwa jeraha hilo. Lakini hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kazi ya Rufaida ilipotea. Jina lake limebaki kwa karne 14, na mgonjwa wake mashuhuri kuliko wote ni yule aliyekufa.

Kijana anayekwenda wodini lazima alijue hili kabla hajavuka mlango. Akienda kwa kutaraji kwamba kila aliyemshika mkono atainuka, siku ya kwanza atakapokuta kitanda kitupu atavunjika. Kumhudumia mtu ni jambo moja, na kupona kwake ni jambo jingine, na la pili haliko mikononi mwetu.

Neno moja lenye siri kubwa

Kiarabu kilichotumika kumwelezea Rufaida kina kitendo kinachotokana na neno ihtisabu. Asili yake ni ile ile iliyotupa sisi Waswahili neno hesabu. Mwenye ihtisabu ni mtu anayefanya jambo na hesabu yake akaiweka kwa Mungu. Haandiki deni kwa mgonjwa, wala kwa jamaa za mgonjwa, wala kwa jirani anayemtazama.

Hapa ndipo wengi wanapokosa tunapozungumzia kujitolea. Watu huuliza, je, kuna ubaya mtu kupata kitu katika kujitolea kwake? Jibu la historia ni kwamba Rufaida alikuwa anatafuta malipo, tena makubwa. Tofauti ni pale alipoyatafuta. Mwenye kungoja asante ya mgonjwa atachoka, kwani mgonjwa ana maumivu, ana hasira, na pengine amesahau hata jina la mwanawe. Mwenye kungoja sifa ya watu atatafuta kupigwa picha. Lakini aliyekwisha kufunga hesabu yake kwa Mola wake huweza kukaa na mgonjwa mkali asiyeshukuru, na akatoka hapo moyo wake umetulia.

Rufaida hakuwa peke yake. Umm Atiyya, mwanamke wa Kiansari, alitoka katika vita saba, akibaki nyuma kulinda mizigo, kupika chakula, kuwatibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa. Ar-Rubayyi bint Muawwidh alikuwa akiwanywesha watu maji na kuwarudisha Madina majeruhi na waliouawa. Ukizihesabu kazi hizo, utaona kuwa nyingi hazikuhitaji elimu ya tiba: kupika, kulinda mizigo, kubeba maji, kusindikiza. Kila mmoja alishika alichokiweza, na historia ikamwandika.

Kutoka hema hadi bimaristani

Karne zilizofuata zilileta nyumba maalumu za wagonjwa, zilizoitwa bimaristani. Neno hili ni la Kifursi: bimar ni mgonjwa, na stan ni mahali. Baghdad ilikuwa na ile ya Adudi, iliyofunguliwa mwaka 982. Damascus ilijengewa ya Nuruddin Zangi mwaka 1154, na jengo lake bado limesimama. Tangu mwaka 1978 limekuwa makumbusho ya tiba.

Msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, aliiona hiyo ya Damascus mwaka 1184. Aliandika kwamba palikuwa na wasimamizi wenye madaftari ya majina ya wagonjwa na ya gharama za dawa na chakula cha kila mmoja, na matabibu walikuwa wakija mapema kila asubuhi kuwapitia wagonjwa na kuagiza kinachomfaa kila mtu. Mwaka 1184, mgonjwa alikuwa na jina lake daftarini.

Bimaristani iliyo mashuhuri zaidi ni ya Cairo, ya Sultan al-Mansur Qalawun. Inasimuliwa kwamba Qalawun, alipokuwa bado amiri, alishikwa na maumivu makali ya tumbo akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nuruddin. Alipopona alikwenda kuitazama, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akaupata ufalme, na hospitali ikajengwa kati ya mwaka 1284 na 1285.

Hati ya wakfu wake inavutia kuisoma hata leo. Hospitali ilikuwa ya tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni. Wanaume walikuwa na wodi zao na wanawake zao, na maradhi yalitenganishwa: homa mahali pake, macho mahali pake, majeraha mahali pake. Chakula cha mgonjwa kilipelekwa katika bakuli lake mwenyewe, limefunikwa, bila ya kushirikiana na mwingine. Wakati wa joto walipewa vipepeo vya ukindu. Aliyekufa bila ya uwezo alioshwa, akavishwa sanda na kuzikwa kwa mali ya wakfu. Hata maskini aliyeugulia nyumbani kwake alikuwa na fungu lake la dawa.

Lakini historia ya kweli ina pande mbili. Mwanahistoria al-Maqrizi ameandika kwamba ujenzi huo uliharakishwa kwa mabavu. Wenye kukaa katika jumba lililokuwa pale walitolewa, na hata wapita njia walilazimishwa kubeba mawe. Jambo hilo liliwaudhi watu, na wapo waliouliza kama inafaa kuswali katika jengo lililosimamishwa kwa namna hiyo. Wema uliofanywa kwa kulazimisha watu uliacha doa. Nasi wazazi tuna la kujifunza hapo, kabla hatujamwamrisha mtoto aende kujitolea apende asipende.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba ndani ya bimaristani, kazi ya kuwaangalia wagonjwa ilikuwa ya watumishi wenye mishahara, wanaume kwa wodi za wanaume na wanawake kwa wodi za wanawake. Huo ulikuwa ni mpango mzuri. Kujitolea kwa raia kulihamia katika mali: mtu aliweka duka, shamba au nyumba iwe wakfu, na kodi yake ikawalisha wagonjwa. Hema la Rufaida lilikuwa ni kujitolea kwa nafsi. Wakfu wa Qalawun ulikuwa ni kujitolea kwa mali. Vyote viwili vinahitajika, na tatizo huanza pale kimoja kinapodhaniwa kinatosha.

Wazungumzaji wawili wa Tripoli

Mwanachuoni wa Syria, Mustafa as-Sibai, aliyefariki mwaka 1964, ametaja katika kitabu chake juu ya ustaarabu wa Kiislamu wakfu mmoja uliokuwa Tripoli ya Lebanon. Mapato yake yalitumika kuwaajiri watu wawili wa kupita hospitali kila siku. Kazi yao ilikuwa ni kusimama karibu na kitanda na kuzungumza baina yao kwa sauti ya chini, lakini mgonjwa asikie: kwamba leo uso wake umepata damu, kwamba macho yake yamechangamka, kwamba anaonekana ana nafuu.

Wengi husoma habari hii wakacheka. Lakini hebu fikiri. Mtu mzima ametoa mali yake, akaenda kwa kadhi, akaandika hati, kwa ajili ya maneno tu. Alijua kwamba mgonjwa hutega sikio. Anasikia madaktari wanavyonong'onezana miguuni pake. Anasikia jamaa wanavyosema "basi tena, tumwachie Mungu" wakidhani amelala. Mwenye wakfu yule alitaka angalau mara moja kwa siku sikio hilo lipate jambo jema.

Hatusemi kwamba tumdanganye mgonjwa juu ya maradhi yake; hilo ni la daktari wake na nafsi yake. Tunasema kwamba maneno ni kazi, na asiyejua kudunga sindano anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri.

Matajiri wa pwani

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, mwishoni mwa karne ya 19, Waislamu wawili wenye asili ya Kihindi waliacha majina yao katika historia ya hospitali.

Wa kwanza ni Tharia Topan wa Zanzibar, tajiri aliyeanza kujenga hospitali mwaka 1887 mbele ya bahari. Alifariki mwaka 1891 kabla haijakwisha, na mjane wake akaikamilisha mwaka 1894. Baadaye orofa ya chini ikawa zahanati, ndiyo maana wenyeji wa Mji Mkongwe hulijua jengo hilo lenye roshani za mbao kama dispensari ya zamani.

Wa pili ni Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, mfanyabiashara aliyekuwa akiiuzia na kuikopesha misafara ya bara. Alitoa mali kwa ajili ya shule na hospitali, na alifariki mwaka 1897, mwaka ule ule ilipoanza hospitali iliyoitwa kwa jina lake Dar es Salaam. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Hadi leo anayelazwa Muhimbili anaweza kupelekwa jengo la Sewahaji. Watu wengi hulitaja jina hilo kila siku bila ya kujua kwamba lilikuwa la mtu, na kwamba mtu huyo aliacha sadaka inayoendelea.

Mali basi ilitolewa. Nafsi je?

Kuuguza

Lugha yetu inatupa jibu. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumwangalia anayeugua. Neno muuguzi, ambalo leo tunampa aliyesomea chuoni na kuvaa sare, lilitokana na kazi ya mama, ya shangazi, ya dada mkubwa aliyetandika mkeka kando ya kitanda akakesha. Katika nchi zetu kuuguza lilikuwa jambo la jamaa. Mtu hakuhitaji kujitolea kwa mgonjwa wa watu kwa sababu kila mgonjwa alikuwa na watu wake. Hospitali zilipokuja, jamaa waliingia nazo, na chupa ya chai na ndoo ya kufulia.

Nchi nyingine zilikwenda njia tofauti. Nchini Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wauguzi wengi walipohitajika jeshini, mwaka 1944 wasichana wa shule ya sekondari ya East Orange, New Jersey, walijishonea nguo zenye mistari myekundu na myeupe wakaenda kusaidia hospitali: kupeleka maji, kusoma barua, kupanga maua. Mtindo huo ulienea nchi nzima. Kwao kijana wa kujitolea alikwenda kwa mgonjwa asiyemjua, kwa sababu hospitali yao haikuwaweka jamaa kitandani usiku na mchana.

Kwetu sisi mpango wa jamaa ulitosha kwa muda mrefu. Kisha likaja jambo lililouvunja.

Uganda, mwaka 1987

Katika miaka ya 1980 maradhi mapya yalionekana Rakai, kusini mwa Uganda. Watu walikonda wakafa, na ugonjwa ukaitwa "slim". Ndio UKIMWI. Hofu ilikuwa kubwa mno. Wapo jamaa waliokimbia wagonjwa wao, wapo watumishi wa afya walioogopa kuwagusa, na katika nyumba nyingine wote wenye nguvu za kuuguza walikuwa wagonjwa au wameshazikwa. Ghafla nchi ikajaa watu wasio na mtu, wale wale wa hema la Rufaida.

Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Mumewe, Christopher, aliugua akiwa masomoni Uingereza mwaka 1986, na akafariki Januari 1987. Mwaka huo huo yeye na wenzake, jumla watu 16, wengi wao wakiwa wameathirika, walianzisha shirika la TASO. Hawakuwa na tiba. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zimewafikia. Walichokuwa nacho ni kuwatembelea wagonjwa, kukaa nao, kuwasikiliza na kuwashika mkono bila ya hofu. Kazi iliyoanzwa na watu wachache waliojitolea ikawa moja ya huduma kubwa za namna hiyo barani Afrika.

Waislamu wa Uganda hawakukaa kando. Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988, na mwaka 1989 viongozi wa Waislamu walitangaza jihadi dhidi ya UKIMWI. Mwaka 1992 jumuiya hiyo ilianza mpango wa kuwafundisha maimamu, kwa kuanzia wilaya za Mpigi na Iganga. Imamu alipewa wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, na wakawepo watu wa kujitolea wa kupita nyumba hadi nyumba kuzielimisha familia. Haikuwa rahisi. Kulikuwa na mabishano makali, hasa juu ya kondomu, na yalihitaji madaktari na masheikh kukaa pamoja na kusikilizana. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la UNAIDS liliutolea mpango huo kitabu maalumu, kama mfano wa kuigwa.

Na mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, kwa wagonjwa ambao hawataponeshwa lakini wanaweza kuondolewa maumivu kwa mofini ya kunywa. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Huduma hii nayo imewategemea watu wa kujitolea vijijini wanaomjua mgonjwa alipo, wanaomtembelea na kutoa taarifa mapema anapozidiwa.

Historia inatufunza nini?

Tukikusanya yote haya, tunaweza kupata mafunzo ya kumsaidia kijana anayetaka kujitolea hospitali na akanufaika.

1. Mtafute asiye na mtu. Ukifika wodini usizunguke kwa kila kitanda. Muulize sista: ni nani hapa hajajiwa na mtu? Hapo ndipo penye pengo la kweli. Mtu asiye na wa kumletea maji hatajiuliza kwa nini umekuja.

2. Fanya kazi iliyo yako. Umm Atiyya alipika na kulinda mizigo. Kupeleka maji, kuchukua dawa dirishani, kumpigia simu ndugu wa mgonjwa, kumsomea, kufua, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwa idhini: hizo zote ni kazi. Usiguse dripu, usibadilishe bandeji, usimpe mgonjwa chakula kabla ya kuuliza, kwani huenda amekatazwa kula.

3. Pita kwa idhini na kwa ratiba. Bimaristani ilikuwa na daftari, na hospitali ya leo ina uongozi. Nenda kwa ofisi ya ustawi wa jamii au kwa msimamizi wa wauguzi, jitambulishe, pangiwa siku. Siku moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu ina faida kuliko siku tano mfululizo kisha kupotea. Mgonjwa huhesabu siku, na aliyeahidi Jumamosi akakosa huwa amemwongezea ugonjwa.

4. Kumbuka wazungumzaji wa Tripoli. Uliza hali, kisha nyamaza usikie. Usimsimulie mgonjwa habari za jirani yako aliyekufa kwa maradhi kama yake. Usimkalie muda mrefu akachoka. Usimhutubie. Na ikiwa ni wa dini nyingine, haki yake ya kuhudumiwa ni ile ile.

5. Linda siri. Unaloliona wodini ni amana. Jina la mgonjwa, ugonjwa wake na picha yake havitoki nje ya mlango. Wakati wa UKIMWI, neno moja lililovuja lilitosha kumfukuzisha mtu nyumbani kwao.

6. Jilinde. Nawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Ukiwa na mafua au homa, baki nyumbani. Uliza kuhusu chanjo, hasa ya homa ya ini. Usiingie wodi za maradhi ya kuambukiza bila ya kuruhusiwa na kuelekezwa.

7. Weka hesabu mahali pake. Cheti si haramu, na chuo kikikiuliza, kitoe. Lakini ukienda kwa ajili ya cheti tu, cheti ndicho utakachorudi nacho.

Kwa wazazi

Wanaohofia mabinti zao wanaweza kutazama tena hema lile lilikuwa wapi: ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), katikati ya jamii, mbele ya macho ya watu. Hilo linatuonyesha kwamba kazi hii ni ya heshima, na pia kwamba inahitaji mazingira ya wazi na yenye utaratibu. Waende wawili wawili, wahudumie wodi ya wanawake au ya watoto, awepo mtu mzima anayejua walipo. Kwa vijana wa kiume ni hivyo hivyo katika wodi za wanaume, ambako mara nyingi ndiko waliko wazee waliosahauliwa.

Tena, mtoto akirudi kutoka wodini, msimuulize amejifunza nini kana kwamba ni mtihani. Mpeni chakula, mkae naye. Pengine amemwona mtu akifa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na anahitaji naye wa kumuuliza ameshindaje.

Na mzazi asiseme kazi hii ni ya vijana pekee. Mama aliyewahi kuuguza nyumbani anajua mambo ambayo mwanafunzi hayajui: namna ya kumgeuza mgonjwa bila ya kumuumiza, namna ya kumlisha mtu asiye na hamu. Akimchukua binti yake wakaenda pamoja, elimu hiyo itarithiwa badala ya kuzikwa naye.

Msikiti wenye wanawake sita na vijana sita waliojipanga kwa zamu unaweza kuhakikisha kwamba wodi moja ya hospitali iliyo jirani haikosi mtu kila Jumamosi. Hakuna haja ya kungoja mfadhili wala jengo. Rufaida alikuwa na hema.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuwakumbuka wasio na mtu.

Wabillahi tawfiq.